Maneno Machache katika Kifungu cha 58

Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2002. Kabla haijatimiza miezi miwili ilikuwa imekwisha kurekebishwa. Marekebisho yenyewe hayakuja kwa mswada wake wala hayakujadiliwa kwa kishindo. Yalikuja ndani ya ule mswada wa marekebisho mbalimbali ambao kila bunge huwa nao, mkusanyiko wa viraka vya sheria hii na ile: hapa koma, pale faini, kwingine jina la wizara lililobadilika. Ni aina ya karatasi ambayo mbunge huifungua akitafuta kinachogusa eneo lake, na asipokipata huifunga. Katikati ya viraka hivyo palikuwa na maneno machache ya kuongezwa kwenye kifungu cha 58, kijifungu cha 2.

Kijifungu hicho, kama kilivyopitishwa mwaka wa 2001, kilisema kwamba haki za mwenye hataza hazigusi bidhaa iliyokwisha kuwekwa sokoni Kenya au katika nchi nyingine yoyote, au iliyoingizwa Kenya. Marekebisho ya Juni 2002 yaliongeza sharti kwamba bidhaa hiyo iwe imewekwa sokoni na mwenye hataza mwenyewe, au kwa idhini yake ya wazi. Basi. Kwa nusu sentensi, mlango ambao dawa za bei nafuu zilikuwa zimeanza kupitia ulifungwa, na aliyekabidhiwa ufunguo ni yule yule ambaye sheria ilikusudia kumwekea mipaka.

Ili kuelewa kwa nini watu waliandamana kwa ajili ya nusu sentensi, yafaa kujua hataza ni nini hasa. Ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi uwezo wa kuwazuia wengine wote wasitengeneze, wasiuze wala wasiingize nchini uvumbuzi wake kwa muda maalumu, nao siku hizi ni miaka 20. Kwa malipo ya uwezo huo yeye hueleza hadharani namna kitu kinavyotengenezwa. Hataza haimpi ruhusa ya kuuza. Ruhusa hiyo hutoka kwingine. Humpa haki ya kukataza. Nayo ni haki ya nchi kwa nchi: hataza iliyotolewa Pretoria haina nguvu Nairobi. Hapo ndipo mjadala wote wa kifungu cha 58 ulipokaa. Dawa ile ile, ya kampuni ile ile, ikiuzwa kwa bei ya chini India na kwa bei ya juu Kenya, je, Mkenya anaweza kuinunua India na kuileta nyumbani bila kumwomba mtu ruhusa? Na ikiwa iliyoko India imetengenezwa na kampuni nyingine, kihalali kabisa kwa sheria za huko, je?

Kenya haikuwahi kujiuliza maswali hayo kwa muda mrefu kwa sababu haikuwa na hataza zake yenyewe. Tangu enzi ya ukoloni, aliyetaka ulinzi wa uvumbuzi wake Nairobi alilazimika kwanza kupata hataza London, kisha aje aiandikishe. Mtindo ulikuwa huo huo Uganda na Tanganyika. Bendera ilishuka, wimbo ukabadilika, lakini fundi wa Gikomba aliyebuni mashine bado alielekezwa Uingereza. Kenya ilijitungia sheria yake ya kwanza ya kutoa hataza mwaka wa 1989. Tanzania ilikuwa imetunga yake mwaka wa 1987. Miaka michache tu baadaye, Aprili 1994, mataifa yalitia saini mjini Marrakesh mikataba iliyozaa Shirika la Biashara Duniani, na mmojawapo ulikuwa mkataba wa haki za ubunifu unaojulikana kwa kifupi chake, TRIPS. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi tarehe 1 Januari 2000 kuufuata. Zile maskini zaidi, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwamo, zilipewa muda mrefu zaidi, nao umekuwa ukiongezwa hadi leo. Kenya haikuhesabiwa katika kundi hilo. Cheo cha kuwa na hali nzuri kidogo kuliko jirani kilikuwa na gharama yake.

Gharama hiyo ilifika wakati mbaya kuliko wote. Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Dawa zilikuwapo duniani. Ya kwanza, AZT, iliidhinishwa Marekani Machi 1987, na bei yake ya kwanza ilikuwa kama dola 10,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Historia ya kidonge hicho ingefaa kusomwa na kila anayedai kwamba bei ya dawa ni bei ya utafiti tu. Aliyekitengeneza kwa mara ya kwanza ni mwanakemia Jerome Horwitz, mjini Detroit, mwaka wa 1964, akitafuta tiba ya saratani kwa fedha za umma. Kiliposhindwa kutibu saratani alikiweka kando, wala hakukichukulia hataza. Kampuni ya Burroughs Wellcome ndiyo iliyokuja kupata hataza ya kukitumia dhidi ya virusi vya ukimwi. Kwa haki ni lazima isemwe pia kwamba kazi ya kuijaribu dawa kwa binadamu na kuifikisha sokoni si ndogo, na kampuni iliifanya, ingawa hata hapo maabara za serikali ya Marekani zilishiriki. Mwaka wa 1996 wanasayansi walionyesha kwamba dawa tatu zikichanganywa huzuia virusi kwa muda mrefu. Mgonjwa wa Geneva akaanza kurudi kazini. Wa Kisumu alirudishwa kijijini kufa.

Tofauti ya wawili hao ilikuwa dola 10,000 hadi 15,000 kwa mwaka.

Bei hiyo ilianza kutikisika India. Bunge la India lilikuwa limepitisha mwaka wa 1970 sheria iliyokataa hataza za dawa zenyewe na kukubali tu hataza za njia ya kuzitengeneza. Kampuni ikigundua njia nyingine ya kufikia kidonge kile kile, ilikuwa huru. Kwa miaka 30 viwanda vya Mumbai na Hyderabad vilijifunza kazi hiyo hadi vikaimudu kuliko wengi. Februari 2001, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla alitangaza kwamba mchanganyiko wa dawa tatu angewauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, na serikali kwa dola 600. Chini ya dola moja kwa siku. Waliokuwa wakisema kwamba Afrika haiwezi kutibiwa kwa sababu za kiuchumi walilazimika kutafuta sababu nyingine, na wapo waliozipata: barabara mbovu, madaktari wachache, hata madai kwamba Mwafrika hajui saa na hivyo hatameza dawa kwa wakati. Hili la saa lilisemwa na watu wenye vyeo vikubwa, kwa uso mkavu.

Wakati huo macho ya dunia yalikuwa Pretoria. Afrika Kusini ilikuwa imerekebisha sheria yake ya dawa mwaka wa 1997, ikaingiza kifungu cha 15C kilichompa waziri wa afya uwezo wa kuruhusu dawa halisi, zinazouzwa kwa bei nafuu katika nchi nyingine, ziingizwe nchini bila mwenye hataza kuweza kuzizuia. Februari 1998 chama cha watengenezaji dawa pamoja na kampuni zipatazo 40 walikwenda mahakamani. Mshtakiwa wa kwanza katika orodha alikuwa Nelson Mandela. Sijui wakili gani aliwaza kwamba hilo lingependeza machoni pa umma. Serikali ya Marekani nayo iliiweka Afrika Kusini katika orodha ya nchi za kuangaliwa kibiashara, hadi wanaharakati walipoanza kumzomea Al Gore katika mikutano yake ya kuwania urais mwaka wa 1999. Mwaka uliofuata Bill Clinton alitoa amri kwamba Marekani haitazibana nchi za Afrika kusini mwa Sahara kwa kutafuta dawa za ukimwi za bei nafuu, mradi zisivunje TRIPS.

Kesi ilianza kusikilizwa Machi 2001. Chama cha wagonjwa na wanaharakati kiitwacho Treatment Action Campaign, kikiongozwa na Zackie Achmat, kiliomba kuingia kama rafiki wa mahakama, na Jaji Bernard Ngoepe akakikubalia. Hapo sura ya kesi ikageuka. Mawakili wa kampuni walikuwa wamejiandaa kubishana kuhusu mipaka ya mamlaka ya waziri, nao sasa walitakiwa kujibu kuhusu vifo na kueleza bei zao zinapangwaje. Tarehe 19 Aprili 2001 waliondoa kesi. Hakuna hukumu iliyoandikwa. Mahakama haikuwahi kusema kifungu cha 15C ni halali au si halali, na hilo ni la kukumbukwa, kwa sababu ushindi wa Pretoria ulisimuliwa baadaye kana kwamba ulikuwa wa kisheria. Ulikuwa wa aibu: kampuni ziliona aibu zikaondoka. Aibu ni silaha nzuri lakini haiachi maandishi ambayo wakili wa kesi inayofuata anaweza kuyasoma mbele ya jaji.

Wakenya walikwenda kuyatafuta maandishi. Huko Nairobi muungano wa mashirika, madaktari, wanasheria na watu wanaoishi na VVU ulikuwa umeshinda miezi mingi bungeni na katika ofisi za serikali ukidai mswada mpya wa mali ya viwanda. Mswada huo kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kutimiza matakwa ya TRIPS, kwa hiyo uliwaongezea wenye hataza haki, hasa ulinzi wa miaka 20. Lakini waliouandika walijua pia kusoma pembe za mkataba. Kifungu cha 6 cha TRIPS kinaiacha kila nchi iamue yenyewe haki ya mwenye hataza huishia wapi baada ya bidhaa kuuzwa. Kifungu cha 31 kinaruhusu serikali itoe leseni ya lazima, yaani imruhusu mtu mwingine atengeneze bila ridhaa ya mwenye hataza, mradi mwenye hataza alipwe kiasi cha haki. Kenya ilichukua vyote viwili. Mswada ulipita bungeni tarehe 12 Juni 2001. Siku nane baadaye, Geneva, kundi la nchi za Afrika lilifanikiwa kuketisha kikao maalumu cha baraza la TRIPS kujadili dawa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Kisha ikaja Oktoba. Nchini Marekani bahasha zenye vijidudu vya kimeta zilitumwa kwa waandishi wa habari na maseneta, watu watano wakafa, na dawa iliyotakiwa, Cipro, ilikuwa chini ya hataza ya kampuni ya Bayer ya Ujerumani. Waziri wa afya wa Marekani, Tommy Thompson, akaionya Bayer kwamba isipopunguza bei atatafuta wengine wa kuitengeneza. Bei ya serikali ikashuka kutoka senti 177 hadi senti 95 kwa kidonge. Kanada haikungoja hata maonyo: wizara yake ya afya iliagiza karibu vidonge milioni moja kutoka Apotex, kampuni ya nyumbani ya dawa za jeneriki, yaani nakala zinazotengenezwa na asiye mwenye hataza, bila kumuuliza mwenye hataza, ndipo baadaye ikapatana na Bayer. Kwa vifo vitano. Wajumbe wa Afrika hawakuhitaji kuandaa hotuba ndefu walipofika Doha mwezi uliofuata kwa mkutano wa Shirika la Biashara Duniani.

Azimio la Doha lilipitishwa tarehe 14 Novemba 2001. Linasema kwamba mkataba wa TRIPS hauzuii wala haupaswi kuzizuia nchi kulinda afya ya umma, na kwamba kila nchi ina uhuru wa kuweka utaratibu wake kuhusu mwisho wa haki za mwenye hataza bila kushtakiwa. Kwa maneno mengine, kile Kenya ilichoandika Juni kilipata baraka ya dunia Novemba. Mwaka huo huo Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya ukimwi (ARV) bure katika hospitali ya serikali ya Homa Bay, mahali ambapo ugonjwa ulikuwa umefyeka nyumba baada ya nyumba.

Ndiyo maana nusu sentensi ya Juni 2002 iliwashtua watu kiasi kile. Wanaharakati walioisoma walifahamu mara moja: kampuni iliyoweka bei ya juu Kenya haitatoa idhini ya wazi kwa mtu anayetaka kuikwepa bei hiyo. Na dawa ya jeneriki kutoka India, iliyotengenezwa kihalali na mtu mwingine, haikuwekwa sokoni na mwenye hataza kabisa, kwa hiyo nayo imefungiwa nje. Nani aliyechomeka maneno hayo? Kila ofisi ilitazama ofisi nyingine. Kelele zikapigwa magazetini na barabarani, na mwaka haukuisha kabla Bunge halijayaondoa maneno liliyoyaingiza. Kanuni za utekelezaji za mwaka huo huo zikafafanua kwamba bidhaa inayohusika ni ile iliyowekwa sokoni kihalali katika nchi inakotoka. Kihalali, bila kutaja kwa idhini ya nani. Neno moja lilitosha, kama lile jingine lilivyotosha kuharibu.

Leseni za lazima zilitumika zaidi kama fimbo ya ukutani. Mwaka wa 2004, katika hali ya serikali kuombwa itoe leseni ya lazima, GlaxoSmithKline iliipa kampuni ya Cosmos ya Nairobi leseni ya hiari kutengeneza zidovudini na lamivudini. Mwenye hataza alipendelea kutoa mwenyewe, kwa masharti yake, kuliko kunyang'anywa.

Lakini fimbo ya ukutani hufaa tu kwa mwenye kiwanda. Nchi isiyo na kiwanda cha dawa ikitoa leseni ya lazima, inampa nani? Na nchi yenye kiwanda haikuruhusiwa kutoa leseni ya lazima kwa ajili ya wengine, kwa kuwa kifungu cha 31(f) cha TRIPS kinataka bidhaa ya leseni hiyo iende zaidi kwa soko la ndani. Doha waliliona tatizo, wakaliahirisha. Suluhisho lilipatikana tarehe 30 Agosti 2003, likiwa limefungwa kamba pande zote, na nchi ya kwanza kulijaribu ilikuwa jirani yetu Rwanda.

Kisa cha Rwanda nitakikalia kidogo, maana kinaonyesha jinsi haki inavyoweza kuwapo kwenye karatasi na bado ikawa kazi bure. Kanada ilikuwa imetunga sheria mwaka wa 2004 kuruhusu viwanda vyake vitengeneze dawa za kupeleka nje kwa utaratibu huo. Apotex, ile ile ya vidonge vya kimeta, ilitengeneza kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake: zidovudini miligramu 300, lamivudini 150 na nevirapini 200. Idhini ya afya ilipatikana mwaka wa 2006. Kisha ikakosekana nchi ya kuagiza, kwani nchi ilipaswa kujitaja hadharani mbele ya Shirika la Biashara Duniani na kueleza inataka vidonge vingapi, jambo ambalo si kila waziri ana ujasiri nalo akikumbuka misaada anayoisubiri kutoka miji mikuu ile ile yenye kampuni zile. Rwanda ilijitaja Julai 2007. Ilitaka pakiti 260,000, yaani vidonge 15,600,000.

Kwanza Apotex ilitakiwa kuwaomba wenye hataza leseni ya hiari na kungoja siku 30. Leseni ya lazima ilipotoka Septemba 2007 ilikuwa ya nchi moja, idadi moja, miaka miwili na si zaidi. Kidonge chenyewe kilitakiwa kiwe na rangi tofauti na kile cha soko la Kanada na kichorwe herufi XCL, ili kikirudi kwa magendo Toronto kijulikane. Halafu Rwanda nayo ina sheria zake za ununuzi wa umma, kwa hiyo ikatangaza zabuni, na Apotex ikashindana na Wahindi, ikapunguza bei hadi senti zisizozidi 20 kwa kidonge ndipo ikapata kazi mwaka wa 2008. Shehena ya kwanza ilifika Kigali Septemba mwaka huo, ya pili Septemba 2009. Miaka mitano na zaidi tangu kupitishwa kwa suluhisho, dawa za kutosha wagonjwa wapatao 21,000 kwa mwaka mmoja. Apotex ikasema haitarudia mpaka sheria irahisishwe. Mswada wa kuirahisisha ulipita Bunge la chini la Kanada mwaka wa 2011, ukafia Seneti uchaguzi ulipoitishwa. Suluhisho lenyewe lilikuja kuwa sehemu ya kudumu ya TRIPS Januari 2017, marekebisho ya kwanza kabisa ya mkataba wowote wa shirika hilo. Wanadiplomasia walipongezana.

Nairobi, kati ya shehena ya kwanza ya vidonge vya XCL na ya pili, jambo lingine lilikuwa likiiva. Desemba 2008 Kenya ilipata Sheria dhidi ya Bidhaa Bandia. Hakuna asiyejua kwa nini ilitakiwa: betri zinazokufa kwa siku moja, dawa za meno zenye jina la karibu karibu, mbegu zisizoota. Wenye viwanda walikuwa na kilio cha kweli. Lakini tazama maelezo ya kifungu cha 2. Bidhaa bandia ni ile iliyotengenezwa bila ruhusa ya mwenye haki ya ubunifu iliyopo Kenya au kwingineko. Kwingineko! Sheria nzima ya hataza imejengwa juu ya msingi kwamba haki ya nchi moja haivuki mpaka, na hapa neno moja likaivusha. Dawa ya jeneriki isiyo na hataza yoyote Kenya ingeweza kuitwa bandia Mombasa kwa sababu ya hataza iliyopo Ulaya. Wasiwasi huu haukuwa wa kufikirika. Mwezi huo huo wa Desemba 2008, maofisa wa forodha wa Uholanzi waliizuia shehena ya dawa ya shinikizo la damu iliyokuwa ikipita tu kutoka India kwenda Brazili, ingawa ilikuwa halali pande zote mbili.

Hapo kifungu cha 58 hakikuguswa hata herufi. Kilizungukwa. Aliyeshindwa kuingia kupitia sheria ya hataza alikuta sheria nyingine jirani haina mlinzi.

Wakenya watatu wanaoishi na VVU walikwenda Mahakama Kuu mwaka wa 2009. Hawakuwa wanasheria wala wafanyabiashara wa dawa. Hoja yao ilikuwa kwamba wao wako hai kwa sababu ya jeneriki, na sheria hii inaweza kuzikatiza. Aprili 2010 mahakama ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa vifungu vilivyolalamikiwa kuhusu dawa. Miezi minne baadaye Kenya ikapata Katiba mpya yenye haki ya afya iliyoandikwa waziwazi katika ibara ya 43, kwa hiyo kesi iliyoanza chini ya Katiba ya zamani ilimalizikia mikononi mwa ile mpya. Anand Grover, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya afya, aliingia kuisaidia mahakama.

Jaji Mumbi Ngugi alisoma hukumu tarehe 20 Aprili 2012. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba sheria yenyewe ina maneno ya tahadhari kuhusu dawa, na kwamba jeneriki si bandia. Jaji aliuliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kushuhudia ukaguzi bandarini angeliuliza: ofisa wa forodha mwenye sheria hii mkononi atatofautishaje? Akaona kwamba sheria ililenga kwanza kuwalinda wenye haki za ubunifu, si wagonjwa, na kwamba haki za mali haziwezi kutangulia uhai, utu na afya. Akatamka kwamba vifungu vya 2, 32 na 34, vikitumika dhidi ya dawa za jeneriki, vinavunja haki za walalamikaji. Hakuviandika upya; aliiachia serikali ivitazame tena. Safari hii kulikuwa na hukumu ya kurasa nyingi, yenye sababu, ambayo Pretoria haikuiacha.

Wakati huo chemchemi yenyewe ya jeneriki ilikuwa imebadilika. India ilitakiwa na TRIPS kuanza kutoa hataza za dawa mwaka wa 2005, ikafanya hivyo, lakini ikaweka kifungu cha 3(d) kinachokataa hataza mpya kwa dawa ya zamani iliyobadilishwa kidogo bila faida mpya ya tiba. Novartis iliipinga hatua hiyo kwa ajili ya dawa yake ya saratani ya damu, Glivec, ikashindwa katika Mahakama ya Juu ya India tarehe 1 Aprili 2013. Kenya haina kifungu cha namna hiyo. Ningetamani wabunge wetu wangekisoma, kwa maana kujua haki ya mwenye hataza inaishia wapi hakusaidii sana kama hataza yenyewe ni rahisi kupatikana na rahisi kurefushwa.

Korona ilipokuja, mbinu ya kurekebisha neno kwa neno ilionekana kuwa ya polepole mno. Tarehe 2 Oktoba 2020 India na Afrika Kusini zilipendekeza kwamba kwa muda wa janga haki za ubunifu zisimamishwe kwa chanjo, dawa na vipimo. Kenya na Eswatini zikawa miongoni mwa za mwanzo kuunga mkono. Marekani ilikubali Mei 2021 kuhusu chanjo peke yake. Ulaya ilipinga, mazungumzo yakavutwa, na uamuzi uliotoka Geneva tarehe 17 Juni 2022 ulikuwa wa chanjo tu, kwa njia ya leseni za lazima zilizolegezwa kidogo. Kuhusu dawa na vipimo waliahidi kuamua ndani ya miezi sita. Hawakuafikiana.

Kampuni nazo zimejifunza. Siku hizi mwenye hataza hangoji aaibishwe kama ilivyokuwa Pretoria. Juni 2024 ilitangazwa kwamba sindano ya lenakapaviri ya kampuni ya Gilead, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilikuwa imejaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda, na kati ya 2,134 waliodungwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Oktoba mwaka huo huo, kabla Bunge lolote halijakaa, Gilead ilitoa leseni za hiari kwa watengenezaji sita wa India, Pakistani, Misri na kwingineko, wauze katika nchi 120. Orodha ya nchi iliandikwa na Gilead. Kenya imo, Uganda imo, Tanzania imo. Brazili, Argentina, Mexico na Peru, ambazo watu wao walishiriki katika jaribio la pili la sindano hiyo hiyo, hazimo.